Kwa Nini Alibandika Maji

Jumamosi, Mtoni, Temeke. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijaamua kama inaacha au inaendelea. Nguo za jana nimezirudisha ndani, zimejaa kwenye viti, na mie nimekaa kitandani na simu mkononi.

Leo sijafanya kitu cha maana.

Asubuhi mjukuu wangu Zuhura, yuko kidato cha tano, alinipigia. "Shikamoo bibi. Bibi, nisaidie. Tumepewa insha ya uhakiki, tujadili mwisho wa hadithi fupi. Na huo mwisho wenyewe hauelezi kitu!" Nikamwambia nitampigia baadaye. Jioni imeingia, sijampigia.

Si kwamba sina la kumwambia. Ninalo tele, ndiyo shida.

Enzi za Ujamaa nilikuwa msichana wa kiwanda cha nguo, Chang'ombe. Ukitoka zamu ya asubuhi unapitia foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, jioni unakwenda darasani. Sie tuliokuwa tumekwishajua kusoma na kuandika tuliwekwa darasa la juu kidogo, katika shule ya msingi ya jirani. Madawati yalikuwa ya watoto. Magoti yaligonga mbao, na mafundi wenye miili yao walikaa ubavuubavu kama wanaopisha mtu.

Mwalimu wetu alikuwa dada mmoja wa Songea, Ndugu Akwilina. Wakati ule kila mtu alikuwa ndugu, hata anayekufokea. Siku moja akaja na hadithi fupi. Nakala ilikuwa moja tu, kwa hiyo akatusomea.

Ilimhusu mwanamke aitwaye Mwanahawa. Mumewe alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akapotea miaka mingi, hana salamu wala senti. Halafu siku moja zikaja habari kuwa yuko njiani anarudi. Mwanahawa akafagia uwanja, akabandika chungu cha maji mekoni, akakaa kwenye kigoda kusubiri.

Ndugu Akwilina akafunga kitabu.

"Mwalimu, umeruka ukurasa!" alipiga kelele Rashidi, fundi wa magari aliyekuwa akikaa nyuma yangu.

"Hakuna ukurasa. Imekwisha."

Darasa likalipuka. Wengine walicheka, wengine walikasirika kabisa, kama watu waliopunjwa mizani. Rashidi akasema jambo liko wazi, mwanamke amempokea mumewe, maji ni ya kuoga, mjadala umefungwa. Mwalimu akasubiri tutulie.

"Nendeni mkaandike," akasema. "Kwa nini alibandika maji? Na mwisho huu unatosha? Msinisimulie hadithi upya, mimi nimeshaisoma."

Nilitembea kurudi nyumbani. Mie hadithi ile nilikuwa naijua. Niliishi ndani yake.

Baba yangu naye alikwenda mkonge. Tulikuwa kwetu, Masasi, na mie nilikuwa mdogo sana alipoondoka. Aliporudi nilikuwa binti wa kutumwa kisimani. Nakumbuka mama alimchemshia maji, akampikia, akamtandikia. Asubuhi akanishika mkono, akajitwisha furushi lake, tukapanda basi la kuja Dar es Salaam. Hakukuwa na ugomvi. Hakuna aliyeinua sauti.

Kwa miaka yote hiyo sikumuuliza mama sababu. Lakini donge nilikuwa nalo. Watoto wenzangu walikuwa na baba, na mie baba yangu nilimwona siku moja.

Jumapili mchana nikatandika mkeka uani, nikafungua daftari. Mama alikuwa pembeni anamenya mihogo. Nikaandika sentensi ya kwanza, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta. Mwisho nikaona sina ujanja.

"Mama, baba aliporudi, kwa nini ulimchemshia maji?"

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea.

"Alikuwa ametoka safari, mwanangu. Mgeni humwachi na vumbi lake."

"Na kwa nini tukaondoka?"

"Kwa sababu alikuwa mgeni."

Basi. Akachukua muhogo mwingine.

Insha ile ikatoka kama maji ya bomba. Niliandika kwamba Mwanahawa alifagia na kubandika maji kwa heshima, na heshima si lazima iwe mapenzi. Niliandika kwamba mwandishi amefanya vizuri kutuacha pale mekoni, kwa sababu mwanamke mwenyewe alikuwa amekwishaamua, ila sisi tunamtazama kwa nje tu. Nilipomaliza nikamsomea mama yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasuuza mihogo, akaifunika.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ila kwangu mie ndiyo alikuwa mgeni. Kwako ni baba. Nenda kamwone."

Darasani niliisoma mbele ya watu. Rashidi akasimama. "Ndugu Somoe, kama ni hivyo, si mwandishi angesema?"

"Angesema, leo ungekuwa umeshasahau," nikamjibu, na darasa zima likacheka, yeye mwenyewe wa kwanza. Ndugu Akwilina alinipa alama nzuri, si za juu kabisa. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Huyu ni Mwanahawa, au ni mtu unayemjua?"

Likizo ya kiwanda ilipofika nikaenda Masasi. Nilimkuta baba katika kijiji cha ujamaa, anaokota korosho shambani na wenzake. Alinyoosha mgongo taratibu, akanitazama.

"Wewe ni wangu," akasema. Hakuuliza. Alisema.

Nikapiga goti nikamwamkia, halafu nikainama kuokota naye, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Tuliokota mpaka jua likapoa. Alinisimulia mkonge, miiba, na homa zilizomlaza kambini. Hakujitetea. Alishika upindo wa kitenge changu akauliza, "Hiki umekifuma wewe?" Nikamwambia labda. Akawaita wenzake waje kukishika, mmoja mmoja.

Siku ya kuondoka ndipo alipouliza, "Mama yako mzima?"

"Mzima, baba."

"Ana haki," akasema. Akageuka kunifungia korosho za safari.

Nilirudi kumwona mara kadhaa. Alifariki kabla sijazaa, na mama hakuolewa tena wala hakumsema vibaya hata siku moja. Lile donge sijui liliondoka lini. Siku moja nililitafuta nikalikosa.

Naandika haya mvua imeanza tena. Nimefikiri, na sitamwandikia Zuhura insha yake. Nitamwambia asome ule mwisho mara ya pili, aandike anachokiona yeye, hata kama mwalimu wake anaona vingine.

Lakini kuna kitu kimenishtua leo. Wanangu wote, wajukuu wangu wote, hakuna anayejua baba yangu aliitwa nani. Sijawahi kuwatajia.

Zuhura anakuja kesho kula wali. Aliitwa Ahmadi Namwambe. Nitaanzia hapo.