Kibao cha Shingoni

Msambweni, Jumatatu, 11 Juni 1956

Mimi nyota yangu ni kali. Kidigo nimezaliwa nacho, Kiswahili ni cha mji, Kiingereza nimekiokota Mombasa kwa mabaharia, na skuli sikuvishwa kibao hata siku moja. Ndivyo nilivyomwambia binti yangu Mwanasha leo.

Amerudi na kibao cha mti shingoni. Huvishwa mtoto aliyesikiwa akisema Kidigo, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe. Mwanasha hataki kumnasa mtu, na amesema kesho haendi.

Mamake akamwambia, "Mtaje yeyote, mwanangu, yaishe."

"Nimtaje nani, mama? Sote twasema."

Nikakivaa mimi, nikala nacho wali, nikamwambia mke wangu aniamkie kwa Kiingereza. Mwanasha akacheka. Kisha akaniuliza, "Baba, wewe ulifanyaje usivishwe?"

Nikasema ni bahati tu. Amekubali kwenda, nami nitampeleka mwenyewe, nikaseme na mwalimu. Kwa lugha gani, sijui.

Bahati yenyewe ni uongo. Nilikivaa siku tatu, ya nne nikakitupa chooni, na skuli sikurudi tena.