Sabwufa Yangu na Mazishi ya Mzee Makokha

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na bado haijachoka. Nimejifungia ndani ya gari langu nje ya boma la Senge, huku Navakholo, na wageni wa mazishi wanazidi kuingia.

Mzee mwenyewe tulimzika jana.

Niseme ukweli kabla sijaanza kujitetea: kosa ni langu. Senge ni dada ya baba yangu, ndiye aliyenilea. Mumewe, Mzee Makokha, hakukosanga mazishi ya mtu. Akisikia kuna kilio mahali, anabeba kiti chake begani na anaenda, aliyekufa awe tajiri au mlevi wa sokoni. Kwa hivyo Senge alikuwa na ombi moja tu: watu wamjie mzee wake vile alivyowaendea.

Kanisani ilitangazwa kwamba mazishi ni Jumamosi. Halafu Jumatano mchungaji akapata safari, ikabidi tuzike Ijumaa. Simu za watu wa hapa nusu hazina chaji, na wazee wenzake wengi hawana simu kabisa. Senge akaniangalia mimi. "Wewe uko na gari ya kelele. Zunguka uwaambie."

Gari ya kelele! Nikavimba kichwa. Mimi, muuza mbegu na dawa za ng'ombe pale Kakamega mjini, nimejinyima mwaka mzima ili nifunge sabwufa kwenye buti, lile spika kubwa kama sufuria ya matanga. Fundi Juma aliponiuliza nataka sauti ya kufanyia nini, nilimwambia nataka ya kutikisa vioo. Akaanza kunieleza habari za twita na krosova, nikamwambia aache hadithi afunge. Boksi lilikuwa limeandikwa wati nyingi, na mimi nilidhani wati ndiyo sauti yenyewe.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Nikaunganisha maiki, nikafungua buti, nikaweka wimbo wa maombolezo chini ya maneno yangu, nikazunguka barabara zote za murram mpaka koo likakauka. Watu walinipungia mkono. Watoto walinifuata wakicheza ngoma. Hata hilo halikunishtua, jameni! Nani huchezea tangazo la kifo?

Jana viti vya plastiki vilibaki vitupu, safu kwa safu. Tulikuwa familia na majirani wa karibu, basi. Senge aliitazama barabara mpaka jeneza likashuka. Baadaye nilimsikia akimwambia mama jirani, "Kumbe watu hawakumpendanga." 

Leo asubuhi wakaja.

Wengi! Na kuni, na mahindi, na kuku kwapani, akina kukhu, nyanya zetu, wakilia kutoka njiani vile inavyotakiwa, mpaka wanafika na kukuta kaburi limeshafunikwa. Mzee mmoja aliniambia waliisikia gari ikipita, du du du, wakajua ni vijana wa disko. Haki ya Mungu nilitamani ardhi inimeze.

Nikampigia Fundi Juma, nia yangu ikiwa kumlaumu. Alinisikiliza, akashusha pumzi. Sabwufa, akasema, kazi yake ni mngurumo. Krosova ndiyo inayogawa sauti, na kwa sabwufa inapitisha zile nzito pekee. Maneno ya mtu yanakaa katikati ya sauti nzito na kali, yanatoka kwa spika za milango, na ule ukali wake unaofanya uyatambue unatoka kwa twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Spika zangu za milango ni ndogo, zinaongea na dereva tu. Hata zile wati za boksi ni za kishindo cha mara moja, si za kazi ya siku nzima. Wa kutangaza huweka honi, lile spika la mdomo mpana, juu ya gari, kama watu wa kampeni.

"Ndugu yangu, wewe ulinunua kishindo," akamaliza, bila hasira.

Lakini mbona ndani ya gari niliyasikia maneno yangu vizuri kabisa? Niliyasikia kwa sababu nilijua ninachosema. Debe tupu haliachi kuvuma, na hilo debe ni mimi.

Sasa nazijua zote, twita, krosova, wati. Zitanisaidia nini? Mtu hazikwi mara mbili.

Saa kumi nilimwendea Senge jikoni nikamwambia yote bila kupunguza. Nilitaka anitukane. Hata kofi ningelipokea kwa shukrani. Hakufanya hivyo. Alifuta mikono kwa leso, akachungulia nje watu walivyojaa kwenye mvua, na kwa kitambo kidogo uso wake ukafunguka, kwa kuwa amejua kumbe walimpenda. Halafu akanigeukia.

"Na mzee sasa, ataambiwa na nani kwamba walikuja?"

Nilitoka mvuani nikaja kujifungia humu garini.