Pombe Iliyopewa Jina Langu

Jumamosi, 11 Januari

Ndizi zinachemka tangu asubuhi. Nyumba nzima inanuka kwetu Kibosho. Jirani wa juu atalalamika tena, na alalamike. Ulezi umegoma kuchachuka kwa hii baridi, nimesogeza pipa karibu na hita na kulifunika blanketi kama mgonjwa. Ubatizo ni kesho, na pombe ya mbege nimeagizwa mimi. Mbege isipokuwa tayari nitaficha wapi uso.

Prosper kapita kuazima pipa langu kubwa. Anasema ni kwa ajili ya rafiki yake wa mji wa Savage, nilipeleke mwenyewe gereji kwake. Kala amesimama, koti hakuvua. Koti jipya la ngozi, gari jipya. Kazi ya kutunza wazee kule Plymouth kaacha, eti yuko kwenye biashara. Biashara gani, hasemi. Huyu ndiye kitindamimba wetu. Nilimbeba mgongoni mimi, nikamleta Marekani mimi. Leo ananijibu huku anaangalia simu.

Ijumaa, 17 Januari

Mbege ilikubali. Wazee walimaliza mpaka machicha.

Lakini kuna jambo sielewi. Wiki hii watu tofauti wamenipigia kunisifu. "Dada Pepi, ile kali yako si mchezo!" Kali gani? Mimi napika mbege tu, tena wikiendi, nikiwa sina ofisi. Nikambana Prosper. Akacheka. Yeye na vijana wenzake wanapika gongo kwenye ile gereji ya Savage nilikopeleka pipa, na watu wakiuliza ya nani, wanajibu ya Dada Pepi. Anasema bila jina langu hakuna mama wa Kitanzania angeiweka mezani.

Nimemfokea. Nimemwambia hiyo ni jela. Na hapa niandike ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: kidogo nilifurahi. Kusifiwa kutamu jamani, hata kwa kitu usichokipika.

Jumapili, 26 Januari

Baada ya misa watu walisimama kwenye maegesho kwenye theluji, wananong'ona. Karanja, yule Mkenya anayepeleka vinywaji kwenye sherehe zetu, amevunjiwa vioo vya gari. Na kwenye sherehe moja hapa Columbia Heights wameingia vijana, wakamwaga pombe za watu kwenye sinki, wakapanga chupa zao mezani. Mwenye sherehe akawashukuru! Angefanyaje? Hakuna aliyeita polisi. Kila nyumba ina mtu ambaye makaratasi yake hayajakaa sawa.

Wanamtaja "bosi". Bosi kasema hivi, bosi hataki vile. Nikiuliza ni nani, kila mtu anakumbuka kwamba mtoto wake ana baridi, anaondoka.

Nimempigia Prosper. Achana na hao watu, watakuponza. Akasema, "Sawa dada." Upesi mno.

Jumatano, 5 Februari

Karanja amepigwa. Mkono umevunjika, na taya. Wamemvizia akifunga mlango wa stoo yake.

Prosper hapokei simu. Nimepiga nikiwa ofisini, nikiwa garini, nikiwa chooni. Kama wamemfanya hivyo Karanja, mtu mzima mwenye familia, mdogo wangu watamfanyaje akitaka kutoka? Bosi wangu mimi, yule wa ofisini, ameniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Nimesali rozari nzima kwenye foleni ya magari na sikumbuki hata tendo moja.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempelekea Karanja supu ya kuku. Anainywa kwa mrija, maskini. Nikamwomba: niambie huyo bosi ni nani, niende nimpigie magoti aniachie mdogo wangu.

Karanja akacheka kwa maumivu, akashika taya. "Ai, Dada Pepi. Hujui ama unanichezea? Bosi ni bro yako. Yeye ndiye alisimama pale akihesabu makofi."

Nilitaka kumwambia ni mwongo. Nikachukua mkoba wangu, nikaacha chupa ya supu, nikatoka na glavu moja.

Jumamosi, 8 Februari

Sikula. Simu nimezima.

Jumanne, 11 Februari

Prosper kaja mwenyewe. Kaja na kijana mmoja aliyebaki sebuleni na viatu vyenye theluji juu ya zulia langu. Sikuwa na nguvu ya kumwambia avue.

Nikamuuliza Prosper jikoni. Hakukana. Mungu wangu, hata kunidanganya hakunidanganya! Anasema hapa mtu mpole anaosha miguu ya watu mpaka anazeeka. "Ulitaka nioshe wazee maisha yangu yote, dada?" Nikasema mimi niliwaosha miaka mingapi, na wewe ukasoma kwa mgongo huo huo? Akasema ndiyo maana. Hataki kuwa mimi.

Nilinyanyua mkono. Hakurudi nyuma. Nikaushusha. Macho yale siyajui. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nimemwogopa mdogo wangu, na yeye ameona.

Jumapili, 16 Februari

Sasa kimenuka. Watu wawili wako hospitali, wote walikuwa kwenye sherehe ya jana kule Plymouth. Mmoja ni mume wa Mama Lulu, tunayesali naye. Anasema anaona ukungu mtupu. Familia zinasema ni chakula. Hakuna anayetaka kusema "ya Dada Pepi" mbele yangu, ila kanisani leo benchi langu lilikuwa na nafasi.

Bibi zetu walipika gongo, na hata mtoto alijua yale matone ya kwanza yanamwagwa, ni sumu. Nimempigia Prosper, nimemuuliza, mnamwaga? Akasema nani ana muda wa kumwaga. Nikamweleza habari ya macho ya mume wa Mama Lulu. Akasema yule alizidisha.

Nikienda polisi, Prosper anafungwa, akitoka anarudishwa nyumbani. Mama ana presha, habari hiyo itamzika. Nisipoenda, kuna mtu atakufa hapa na jina langu tumboni. Nazunguka meza. Nimefuta jiko mara kadhaa, na lilikuwa safi.

Alhamisi, 20 Februari

Keshokutwa harusi ya kijana wa Mzee Temba, ukumbini mjini Saint Paul. Kila mtu anakimbiza harusi kabla ya Kwaresima. Mbege hawakuagiza kwangu. Mzee kanipigia kunishukuru kwamba "vijana wangu" wameshashughulikia vinywaji vyote. Vijana wangu! Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema karibu sana Mzee. Mwoga mimi, mwoga kabisa.

Halafu ujumbe wa Prosper. "Jumamosi utaonja kama kawaida. Tafadhali dada."

Kwetu mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu, ndipo kata, kibuyu cha kunywea, inakwenda kwa mzee. Asipoonja, hakuna mzee atakayeigusa. Nimefanya hivyo kwenye kila harusi ya Wachagga mji huu, na MC hulitangaza kwa mbwembwe. Baada ya habari za hospitali watu wameingiwa na wasiwasi. Prosper anajua. Anataka mdomo wangu uwatoe wasiwasi.

Nimemjibu: na mimi nikipofuka? Kaandika: kidogo tu haidhuru.

Nimesoma hayo maneno mpaka simu ikazima.

Jumapili, 23 Februari

Jana sikuweza kuandika.

Ukumbi ulijaa. Maharusi wanapendeza, watoto wanateleza sakafuni na soksi. Chupa zimepangwa kila meza, hazina nembo, maji meupe. Prosper alisimama karibu na mlango, suti ya buluu, kijana kulia na kijana kushoto. Alipendeza. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba niliona anapendeza.

Nilijiambia nitagusisha tu mdomo. Nitajifanya. Niliingia na mpango huo, sijifanyi shujaa hapa.

MC akaita. "Dada Pepi wetu, njoo tufungulie!" Watu wakapiga vigelegele. Wakamimina kwenye kata, nikapewa. Mzee Temba ameketi mbele yangu, miwani mikubwa, mikono yote miwili ameshaitanguliza kupokea. Ile kata ilinuka dawa ya kusafishia. Nikamwangalia Prosper. Akaitikia kidogo kwa kichwa, ndiyo.

Nikaangalia mikono ya Mzee.

Nikasema, "Mzee wangu nisamehe. Hii si yangu. Sionji." Nikaimwaga palepale sakafuni, ikarukia viatu vya MC.

Wale waliozaliwa hapa hawakuelewa, wakawa wanaulizana kwa Kiingereza. Wakubwa walielewa. Hakuna aliyepiga kelele. Nikasikia glasi zikiwekwa mezani, moja, nyingine, meza ya mbele, meza za nyuma, mpaka za jikoni. Mama Lulu alisimama, akachukua chupa ya meza yake, akaenda kuimimina chooni. Wengine wakamfuata kwa foleni, wamevaa vitenge vyao.

Kijana wa kulia alianza kuja. Prosper akamshika bega. Akaniangalia. Nilidhani atatukana, atavunja kitu. Akatoka tu. Mlango ukaingiza baridi, mtu akaufunga.

Nimelala sebuleni, kiti nimekiegemeza kwenye mlango.

Jumatatu, 24 Februari

Karanja kapiga. Ile habari imemfikia hata kitandani. Anasema yuko tayari kusema mbele ya polisi kama nami nitasema. Nimemwambia nipe siku. Hakunisukuma. Mume wa Mama Lulu bado haoni.

Jumatano, 26 Februari

Tumeenda polisi. Karanja na mkono wake uliofungwa shingoni, mimi na mkoba wangu wa kanisani. Walituuliza gereji iko wapi. Karanja haijui. Mimi naijua, niliwahi kupeleka pipa.

Ni mimi niliyetoa anwani. Naandika ili nisije nikasahau na kujisingizia kwamba ni mwingine. Nilipotoka nilitapika kwenye theluji na Karanja akanishikia mkoba.

Jumamosi, 1 Machi

Polisi wamemchukua Prosper. Wamewachukua wote. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Wenzetu wananipigia kunipongeza, nakata. Wengine wanasema nimeiuza damu yangu. Hao siwakatii, nawasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nami nasema hivyo hivyo nikiwa peke yangu.

Alasiri nimempigia mama. Nilipanga kusema Prosper amesafiri. Nikamwambia yote, na kwamba ni mimi. Aliniuliza kama selo ya huku ina joto. Nikasema ina joto. Akasema basi, akamrudishia simu dada wa kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda mahabusu kumwona. Nimekaa kwenye kiti cha wageni. Amekataa kutoka kuniona. Askari wa kike akanieleza kwa upole, na upole wake ulinichosha kuliko ubaya.

Jumamosi, 15 Machi

Amekataa tena. Nitakwenda tena.

Jumapili, 30 Machi

Theluji inayeyuka, maegesho yote matope. Sikwenda popote baada ya misa. Nilikuwa namenya viazi vya jioni.

Simu ikaita, namba siijui. Sauti ya mashine, kwa Kiingereza: kuna mfungwa anataka kuongea nawe, ukikubali bonyeza. Nikabonyeza kwa kidole chenye maganda.

Namsikia anapumua. Kisha, "Shikamoo dada."

Nikaitikia, marahaba.

Akauliza kama mama anajua. Nikasema anajua, nilimwambia mimi. Akasema sawa. Hakuuliza ni nani aliyetoa anwani. Nadhani anajua. Nilisubiri aulize, nilikuwa na jibu tayari, lakini hakuuliza.

Akauliza, "Na mume wa Mama Lulu? Anaona?"

Nikamwambia jicho moja. Lingine wamesema halitarudi.

Hapo ndipo alipoanza kulia. Si kwa sauti. Tangu akiwa mdogo analia hivyo, kama mtu aliyepaliwa. Sikumwambia nyamaza na sikumwambia nimekusamehe. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na simu sikioni mpaka ile mashine ikasema muda umekwisha.