Jumatano Niliyokataa Kuifunga Imenikosesha Mkwe

Mama Mshauri, kabla hujanijibu ujue unamjibu mtu mzima. Nina miaka sabini na sita, nimeishi kuliko ndugu zangu wanne, redio tano, baiskeli tatu na daktari aliyeniambia nipunguze chumvi, na duka langu la vifaa vya ujenzi limeyazika maduka sita ya mtaa huu ambayo wenyewe walikuja kunicheka siku nafungua, leo mmoja wao anakuja kwangu kuazima ngazi. Shule niliishia darasa la tatu lakini mfuko wa misumari nikiutazama tu nakwambia uzito wake na sijawahi kukosea, labda mara moja, na siku hiyo mizani ndiyo iliyokuwa mbovu.

Basi naomba msaada, au tuseme nakupa nafasi ya kunisaidia, maana kwangu hapakaliki. Mwanangu wa kwanza ni dereva wa lori, safari zake ndefu, na mke wake ndiye anayekaa kaunta ya duka langu, mwaka wa nne huu. Kompyuta aliileta yeye, mimi sikuikataa, nilisema tu isikae karibu na saruji. Kila siku saa kumi na moja jioni anabonyeza palipoandikwa Funga Siku, mashine inatema karatasi ya mauzo, anaibana na pini, basi. Sasa Jumanne moja ameshabonyeza, akaja mteja anataka kitasa, nikamuuzia mwenyewe, risiti ikatoka imeandikwa Jumatano! Nikasema, "Mkwe wangu, hii nini? Jua lile pale bado linaning'inia." Akasema, "Baba, siku nimeshaifunga, kinachouzwa sasa kinaingia kesho." Nikamwambia katika duka hili siku inafungwa na kufuli yangu, na mashine haitanipeleka kesho kabla Mungu hajanipeleka. Nikapiga marufuku kile kitufe. Akajaribu tena, "Baba, usipofunga, tarehe haitasogea." Nikamwambia tarehe zimesogea tangu yeye hajazaliwa na hazikumngoja abonyeze. Akarudi kupima waya. Ana heshima, hilo sitasema uongo.

Zikapita siku kumi, duka halilali, halijui Jumapili, Ijumaa nikataka karatasi ya mauzo ya kila siku nione nani anafanya kazi. Mama Mshauri, nilishika kaunta! Jumatano imeuza kama tunajenga mji mzima, halafu siku tisa sufuri, sufuri, sufuri, hata skrubu moja. Nikamwambia mbele ya watu, "Siku tisa ulikuwa unauza au unachezea simu?" Akanitazama, akasema taratibu, "Baba, siku tisa hizo ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho hicho. Wewe ulikuwa unaona nini?" Fundi rangi mmoja akacheka mpaka ndoo ikamponyoka. Hapo damu ikanipanda, nikasema mashine haina ndugu wala haina aibu, ikisema hujauza, basi hujauza, na kama kazi imekushinda mlango ni ule. Akaweka funguo juu ya kaunta, akatoka.

Jumamosi nikauza mwenyewe, sikushindwa na kitu. Jumatatu akarudi fundi bomba na koki inayovuja. Kwangu ukutani nimeandika, kitu kibovu kirudi ndani ya siku saba, nikaangalia risiti yake, Jumatano, nikamwambia umechelewa baba. Akasema, "Mzee, umeniuzia wewe mwenyewe Jumamosi, tukagombana habari ya mpira!" Na kweli tuligombana, na timu yake ni mbovu. Nikaitazama ile risiti tena. Jumatano ile mimi sikuuza kitu, nilikuwa kwa daktari wa meno nang'olewa gego, nilirudi shavu kama ndimu. Nikajua. Koki nikambadilishia, nikakaa chini.

Sasa sikia balaa. Upande wa pili wa barabara yuko Kipara, naye anauza vifaa kama vyangu, na mkwe wangu amekaa kaunta yake tangu Jumatatu hiyo hiyo. Kipara amemwambia mwezi ukianza anamwandika kazi moja kwa moja, na mwezi unaanza Jumatatu ijayo. Namwona kupitia mlango wangu. Saa kumi na moja anabonyeza, karatasi inatoka, Kipara anatabasamu, tena anatabasamu akiangalia huku kwangu. Mwanangu amenipigia simu akasema, "Baba, mimi siwezi kuja kwako nikampita mke wangu ng'ambo ya barabara," akakata. Mama watoto ananisalimia kama karani, "Habari ya leo, karibu," halafu basi. Na dukani kwangu mpaka leo ni Jumatano, sijui hata natokaje humo.

Ninachouliza ni hiki: mtu mzima anamrudishaje mkwe bila kuomba msamaha? Mimi tangu nizaliwe sijaomba, si kwa kiburi, nafasi haikutokea. Nimefikiria kumtuma mama watoto na kitambaa kizuri, au niseme kosa ni la aliyetengeneza ile programu. Nijibu upesi. Na usidhani nimeongeza chumvi, muulize fundi bomba mwenye mkokoteni wa kijani, muulize na daktari wa meno, wote wananijua mimi sisemi uongo. Kipara usimuulize.

Mzee wa Misumari

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa gego. Kwa hayo mengine pole nampa mkwe wako.

Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa ofisini. Akasema mashine za duka nyingi hazisomi jua, zinasoma siku iliyofunguliwa. Ni kama daftari: usipogeuza ukurasa, kila utakachoandika kitaangukia ukurasa ule ule, hata ukiandika mwezi mzima. Mkwe wako ndiye aliyekuwa anakugeuzia ukurasa. Ulimshika mkono, halafu ukamgombeza kwa nini kurasa za mbele ni tupu.

Tena angalia ulivyofanya. Mashine ilipokupinga wewe, ulisema haijui kitu. Ilipompinga yeye, ikawa shahidi asiye na ndugu. Na siku zote hizo, isipokuwa ya gego, ulikuwa kwenye kiti ukimwona anapima waya na kufunga misumari. Mzee, uliyaamini makaratasi ukayakana macho yako mwenyewe, nawe unajisifu kwa macho.

Robo ya haki unayo, nakupa: kufunga siku saa kumi na moja na mlango uko wazi kunaleta mchanganyiko. Ungesema tu, "Mkwe wangu, tufunge mteja wa mwisho akishatoka," mambo yangeishia hapo. Hukusema. Ulipiga marufuku.

Sasa sikiliza. Mama watoto usimtume, si yeye aliyemtukana mkwe. Kitambaa kiache dukani kwa mwenyewe. Aliyetengeneza programu hakuwepo. Kwanza itoe ile karatasi ya Jumatano, uandike juu yake kwa mkono wako, "Hizi ni siku nyingi, zimelundikana kwa amri yangu," uweke sahihi, ili asitokee mtu kesho akamsingizia tena. Kisha vuka barabara. Leo, usingoje Jumatatu. Nenda wakati wateja wapo, maana ulimvunjia heshima mbele ya wateja. Mpe karatasi, useme, "Nilikosea mimi, wewe hukukosea." Ukifika hapo funga mdomo. Usiweke "lakini". Usimtaje Kipara, wala usimtazame.

Akikubali kurudi, kitufe ni chake, na wewe ukae mbali nacho. Akikataa, ni haki yake. Mshukuru kwa miaka minne, na umpigie mwanao umwambie umekwenda. Atakuja kwako huyo, hata kama mke wake anabaki ng'ambo.

Unasema nafasi ya kuomba msamaha haikutokea miaka sabini na sita. Basi ulimi utakuwa mzito, hilo nalijua. Usirudi nyumbani kufanya mazoezi. Simama pale pale kwenye kaunta, Kipara akisikia, uombe vibaya hivyo hivyo.