Maji Yaliyochelewa

Mjukuu wangu Tekla,

Hapa Msimbati tu wazima, babu yako anakohoa lakini shambani haachi kwenda. Unauliza kama Mungu amempokea mwanao aliyefariki kabla ya kubatizwa.

Wakati wa vita vya Msumbiji, mama mmoja alivuka mto Ruvuma na kichanga mahututi, akafika kwetu. Katekista wetu, mwalimu wa dini, mtu mkali, alikuwa ametufundisha kubatiza wanaokata roho, basi nikakimbilia maji. Niliporudi, mtoto alikuwa ameshafariki. Nikalia kwamba nimechelewa.

Yule mama akaniambia taratibu, "Dada, wewe umechelewa, na mimi nimechelewa. Mungu alikuwa naye njia nzima."

Katekista, aliyekuwa akisikia, akavua kofia, akamchimbia mtoto kaburi katikati ya makaburi ya wabatizwa, mahali ambapo wasiobatizwa hawakuzikwa.

Bibi yako