Vasemaca na Kifundo Changu

Litia, huwezi kuamini!

Unamkumbuka Vasemaca, aliyenikanyaga kifundo cha mguu kwenye netiboli miaka mitatu iliyopita? Leo mazoezini hapa Nadi nilikuwa nyuma yake nafunga bandeji, nikamsikia akiwaambia wenzake huku anacheka, akinitaja jina langu: "Unaisi? Nilimkanyaga makusudi. Alikuwa ananizidi."

Makusudi, Litia! MAKUSUDI! Na kanisani alinililia akiomba msamaha!

Mpaka leo nashuka ngazi kama bibi kizee.

Nikamwambia, "Rudia hayo." Akashtuka, kisha akajichekesha: "Aa, dada, si yamepita hayo?"

Kwake yamepita!

Kasahau kwamba siku hizi kocha ni mimi. Nimemweka benchi msimu mzima, ubavuni kwangu. Kila Jumamosi tutatazama wenzetu wakicheza, mimi na yeye.