Ule Muti wenye Ulianguka mu Muto

Mujukuu wangu Masika,

Huku Butembo tuko wazima. Nyanya yako angali ananitukana kila asubui. Unauliza juu ya nini nagombana na baba yako mukubwa. Anataka kutoa ule muti wenye ulianguka mu muto, eti muto ukuwe propre, safi kabisa. Propre! Muto ni sahani?

Mimi pia, wakati nilikuwa kijana, nilitoa muti kama ule, nipate kuni. Kumbe majani ya mulima yalikuwa yanakwama kwa ule muti, yanaoza, na mama anachota yale matope meusi ya kutia kwa mashu yake, zile kabichi za shamba. Mvua ikapitisha yote kwa jirani wa chini. Mama akanituma kule na kitunga, niombe matope yetu. Jirani akacheka: "Asante kwa zawadi, kijana!"

Mujinga mumoja kwa jamaa anatosha. Kesho nitakalia ule muti. Watutoe wote wawili.

Babu yako